Maneno Kumi na Moja kwa Dakika Moja

Siku ya chai ya kuniaga, walimu wenzangu wa darasa la kwanza na la pili mliniomba niwaachie daftari langu. Sikuwaachia. Lina majina ya watoto ambao sasa ni watu wazima, wengine wana vyeo, na hakuna anayependa kukumbushwa kwamba alijikojolea katikati ya upimaji wa kusoma. Badala yake nimekaa barazani nyumbani kwangu hapa Matogoro, nikachagua mambo machache, nikayaandika kwa mpangilio wa miaka. Vyeo na mishahara nimeviruka. Vyeo havikuwa vingi, na mishahara mnaijua.

Nilianza kazi Madaba. Shule ilikuwa na vyumba vinne vya bati na kimoja cha nyasi, na mwalimu mgeni alipewa cha nyasi. Siku ya kwanza niliwapa watoto wa darasa la pili jaribio la kuandika saa mbili kamili asubuhi, kama ratiba ilivyosema. Asubuhi za Madaba ukungu unaingia mpaka ndani ya darasa. Niliporudi ofisini na madaftari nilikuwa nimeshakata tamaa, maana herufi zilitambaa kama siafu waliomwagiwa maji ya moto. Mwalimu Mapunda, mzee aliyekuwa amebakiza miaka mitatu kustaafu, alifungua daftari moja, akalifunga.

"Binti, umepima mwandiko au umepima baridi?"

Akanirudishia daftari.

"Mikono yao iko kwapani mpaka saa nne. Wape tena saa nne."

Niliwapa tena saa nne. Nusu ya darasa walikuwa na mwandiko mzuri kuliko wangu. Tangu siku hiyo, juu ya kila jaribio niliandika saa na hali ya hewa. Maafisa elimu waliokuja kukagua waliniuliza ni ya nini, nami niliwajibu kwamba ni mazoea tu, kwa sababu maelezo yenyewe yangekuwa marefu.

Mwisho wa mwaka huo nilisoma matokeo kwenye kikao cha wazazi. Nilisoma kama nilivyosomewa mimi utotoni, kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho, kwa sauti. Wazazi wa juu walipiga makofi na wa chini walitazama miguu yao. Watu walipotawanyika, mama mmoja alibaki amekaa. Mwanawe alikuwa wa mwisho. Nilijiandaa kwa lawama. Yeye aliniuliza kwa upole kabisa, "Mwalimu, nimesikia ni wa arobaini na mbili. Sasa anajua nini?"

 Nilijua nafasi yake, nilijua jumla yake, lakini mtoto huyo anajua nini sikujua. Nilimwambia aongeze bidii. Alinishukuru, akaondoka, na mpaka leo shukrani ile inaniuma.

Mapunda alikuwa amesikia yote kutoka dirishani. Kesho yake alinionyesha kazi nyingine ya rula, zaidi ya kupiga mistari. Aliiweka juu ya karatasi ya matokeo, ikafunika safu mbili za mwisho, ile ya jumla na ile ya nafasi. Akaniambia nisome kilichobaki, mtoto mmoja mmoja, kwa kulala. Huyu anatambua herufi zote lakini haungi silabi. Huyu anajumlisha vizuri, kutoa kunamshinda anapokopa. Ilinichukua siku mbili kumaliza darasa zima. Mwishoni nilikuwa na kitu cha kumwambia kila mama, na kwa wengi wao kilikuwa kitu cha heri.

Miaka ya Madaba ilinifundisha pia kuyaogopa majibu ya mwongozo. Tuliwahi kuletewa jaribio lenye picha ya treni, mtoto aandike jina la kitu anachokiona. Mmoja aliandika "magari yanafuatana." Mwongozo ulisema treni, nikampa sifuri kwa uaminifu mkubwa. Mwingine aliulizwa kwa mdomo: mama ana mayai sita, matatu yamevunjika, yamebaki mangapi? Akajibu sita. Safari hii nilikuwa nimekua kidogo, nikamuuliza amepataje.

"Yaliyovunjika yanakaangwa, mwalimu."

Nikamwandikia kosa, maana sikuwa na ruhusa ya kuandika kingine, ila pembeni nikaweka alama yangu ndogo ya nyota. Nyota kwenye daftari langu maana yake ni kwamba namba hii usiiamini peke yake. Kwa miaka yote ya kazi nimeweka nyota nyingi. Kisa ninachotaka kuwasimulia kwa urefu ni cha mtoto ambaye alistahili nyota nami sikumpa.

Nilihamia Songea mjini nikiwa mtu mzima tayari, nikafundisha na baadaye nikawa mwalimu wa taaluma. Ndipo upimaji wa darasa la pili ulipokuja kwa sura mnayoijua ninyi. Mtoto anakaa mbele yako na ukurasa wa hadithi. Unabonyeza saa ya simu. Anasoma kwa sauti kwa dakika moja. Wewe unafuata kwenye nakala yako, unakata kwa mstari neno alilokosea, na dakika ikiisha unaweka alama kwenye neno la mwisho alilofika. Kisha unamuuliza maswali ya maana, lakini yale tu yanayohusu sehemu aliyoisoma. Ambayo hakuyafikia yanahesabiwa amekosa. Baada ya hapo ni kuandika, halafu hesabu.

Ni kipimo kizuri, sitaki mnielewe vibaya. Kabla yake tulikuwa na watoto waliofika darasa la tano wakiwa wamekariri kitabu kizima kwa kusikia, ukigeuza ukurasa hawajui neno. Dakika moja iliwaumbua wengi, ikatuumbua na sisi.

Sharifa aliletwa kwetu kutoka Tunduru akiwa darasa la kwanza. Baba yake, Bwana Issa, alikuwa mfanyabiashara wa korosho, amepanga chumba Mjimwema anapoishi na dada yake. Mama yake Sharifa, bibi yake na mdogo wake wa kiume walibaki Tunduru shambani. Alikuwa mtoto mkimya, hijabu yake safi siku zote, kidole chake kikiwa juu ya mstari anaposoma.

Nilimpima mimi mwenyewe. Hadithi ilianza hivi: "Bibi yetu ana kuku mweupe. Kuku huyo hutaga mayai kila siku chini ya ghala." Nilisikia sauti ndogo ikisoma, ikakwama, ikasoma tena, ikakwama. Nilikuwa na watoto thelathini na wawili wa kupima kabla ya saa sita. Saa ilipolia alikuwa kwenye neno "siku." Maneno kumi na moja. Nikamuuliza kuku wa bibi ana rangi gani, akasema mweupe. Maswali manne yaliyobaki sikumuuliza, kwa kuwa hakuyafikia. Kwenye kikaratasi cha mzazi nikaandika: "Mwanafunzi hajamudu kusoma. Anashauriwa kurudia darasa la pili." Nikapiga muhuri.

Bwana Issa alikuja ofisini Jumatano. Alikuwa mtu wa heshima, amevua kofia mlangoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, baba Sharifa. Karibu ukae."

Alisoma kikaratasi kwa kunong'ona. Akafika katikati, akarudi juu, akaanza tena. Kwenye daftari langu jioni ile niliandika, "Baba amesoma mara mbili, ameumia." Niliona jambo nikaliandika, na bado sikulielewa.

"Mwalimu," alisema, "nina chumba kimoja. Nusu magunia ya korosho, nusu nyingine sisi watatu. Nilisema nimlete mmoja kwanza nione itakuwaje. Kama kichwa ndiyo hiki, bora arudi kwa bibi yake, nimlete mdogo wake badala yake."

"Ni darasa la pili tu, baba Sharifa."

"Na hilo la pili limemshinda. Wewe ndiye umeandika."

Nilimwambia maneno ya kawaida, kwamba watoto hutofautiana. Kisha, kwa kuwa aliniuliza waziwazi, nikamjibu waziwazi kwamba kusoma bado sana. Akasema atampakia basi la Jumamosi asubuhi. Akaaga.

Alhamisi mchana nilikaa kujaza muhtasari wa shule. Kazi hiyo wengi wenu mnaifanya kwa kushuka, safu moja baada ya nyingine, kwa sababu ni haraka. Mimi nilifunika safu mbili za mwisho na kusoma kwa kulala. Nilipofika kwa Sharifa nikasimama. Kusoma, maneno kumi na moja. Maana ya hadithi, moja kati ya tano. Imla, vizuri. Hesabu za maneno, nne kati ya nne.

Hesabu za maneno mtoto anazisoma mwenyewe kwenye karatasi. Hakuna anayemsomea. Nikatoa karatasi yake kwenye bahasha nihakikishe. Juma ana machungwa kumi na tano, amewagawia wenzake watatu sawasawa. Jibu lilikuwa limeandikwa kwa mkono wake, tano, na pembeni amechora machungwa katika mafungu matatu. Sasa huyu asiyejua kusoma aliyasoma wapi machungwa hayo?

Ijumaa asubuhi niliingia darasani kwao, nikajifanya nakagua madawati. Mwalimu wao alikuwa amewapa kusomeana wawili wawili. Nilisimama nyuma ya Sharifa. Alikuwa anasoma habari ya mbuzi.

"Mbuzi wa jirani aliruka se... Mbuzi wa jirani aliruka senge... Mbuzi wa jirani aliruka seng'enge akaingia shambani."

Mwenzake alimwambia, "Wewe nawe, mbuzi mmoja anaruka mara tatu?"

Nikachuchumaa. "Sharifa, mbona unarudi nyuma?"

"Nimekosea, mwalimu."

"Ukikosea si unalitengeneza neno, unaendelea?"

Akanitazama kama mtu anayesikia jambo la aibu. "Madrasa ukikosea unarudi mwanzo wa aya. Ukiendelea umeliacha kosa."

"Nani kakwambia?"

"Ustadhi. Na baba."

Nilimtoa nje kwenye kibaraza, nikampa ukurasa uleule wa kuku wa bibi, simu nikaiacha mfukoni. Alikwama kwenye "mweupe," akarudi. Alikwama kwenye "hutaga," akarudi. Lakini alisoma ukurasa mzima mpaka nukta ya mwisho, na hakuna hata neno moja lililokosewa lililobaki nyuma yake. Maswali yote matano alijibu. La mwisho lilitaka kujua kwa nini bibi alihamisha kiota. Alinijibu kwamba ni kwa sababu ya kicheche aliyekuwa anaiba mayai, kisha akaongeza kwamba kwao bibi yake asingehamisha kiota, angemtegea kicheche.

Watoto wa madrasa nilikuwa nimewafundisha tangu nihamie mjini. Najua wanavyotamka, najua siku zao za sikukuu. Lakini mimi ni Mkristo, na sikuwahi kukaa kwenye mkeka wao nione wanafanywaje wakikosea. Kwetu kanisani ukikosea wimbo unafunikwa na sauti za wengine, mnasonga mbele.

Nilikwenda kwa mwalimu mkuu, Mwalimu Ngonyani, nikamweleza.

"Mwalimu Haule," alisema, "fomu zimekwenda halmashauri asubuhi hii kwa pikipiki."

"Zinaweza kurudi."

"Zirudi zikasemeje? Dakika ni dakika. Huyu tukimpa dakika nne, kesho kila mzazi ataleta ustadhi wake." Akavua miwani. "Na kumi na moja ni kumi na moja. Ulihesabu vibaya?"

"Sikuhesabu vibaya. Niliandika vibaya. Namba ilisema ni wa polepole, mimi nikaandika hajui."

Akafikiri. Ngonyani hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa mafaili. "Namba siigusi," alisema. "Kikaratasi cha mzazi ni chako. Kama uliandika uongo, nenda ukauondoe mwenyewe."

Nilisubiri watu watoke msikitini, kisha nikapanda bodaboda mpaka Mjimwema. Mlango ulikuwa wazi. Magunia yamepangwa mpaka usawa wa dirisha. Juu ya mkeka kulikuwa na begi dogo limefungwa tayari, na ndoo mpya yenye zawadi za bibi. Sharifa alikuwa anakunja nguo zake za shule. Shangazi yake, Bi Zaituni, mwanamke wa maneno, alinipa kigoda.

Nilieleza kila kitu, nikaanza na kosa langu. Bwana Issa alisikiliza mpaka mwisho, akatoa kikaratasi kwenye mfuko wa kanzu.

"Hii ina muhuri, mwalimu. Maneno yako ya leo hayana muhuri. Huenda umemwonea huruma, ni ubinadamu. Lakini huruma haimfikishi darasa la saba."

Nikatoa ukurasa wa kuku wa bibi. "Nisomee wewe, baba Sharifa. Kwa sauti. Dakika moja tu."

"Mimi?"

"Msomee mwalimu," alisema Bi Zaituni. "Si unajua kusoma?"

Nikabonyeza saa. Alianza kwa sauti nzuri, ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Kwenye "kicheche" ulimi ukateleza. Akarudi mwanzo wa sentensi. Kwenye "alipochungulia" ukateleza tena, akarudi tena. Bi Zaituni akaanza kucheka polepole, akiziba mdomo kwa kanga. Saa ikalia, naye hajafika nusu ya ukurasa.

"Kaka, kafunge begi," alisema Bi Zaituni. "Basi la kesho ni la wawili."

Bwana Issa hakucheka. Alitazama ukurasa, akamtazama mtoto. "Ndivyo nilivyofundishwa," alisema, kama anayejitetea.

"Na ndivyo ulivyomfundisha," nilimwambia. "Ni vizuri. Ila mimi sikulijua hilo nilipoandika."

Alikitazama kikaratasi. Kisha akanyoosha mkono, akampa Sharifa kile kikaratasi chenye muhuri. "Nisomee alichoandika mwalimu."

Sikuwa nimelitegemea hilo. Nilitaka kusema asimpe, lakini mtoto alikuwa ameshakipokea, kidole juu ya mstari.

"Mwanafunzi haja... Mwanafunzi hajamudu kusoma," alisoma Sharifa. "Anashauriwa kuru... Anashauriwa kurudia darasa la pili."

Hakukosea neno. Alimrudishia baba yake kwa mikono miwili, akasimama akisubiri aambiwe kama amesoma sawa. Bi Zaituni aliacha kucheka. Katika miaka yangu yote ya kazi nimeandika maelfu ya vikaratasi, na sijawahi kusomewa kimoja na mtoto niliyemwandikia kwamba hawezi kukisoma.

"Umesoma sawa," alimwambia baba yake.

Niliomba kikaratasi. Chini ya muhuri niliandika: "Amesoma maneno haya mbele yangu na mbele ya baba yake, na ameyaelewa. Mwenye kosa ni aliyeandika hapo juu." Nikaweka sahihi na tarehe. Bwana Issa alikisoma, akarudi mwanzo mara moja, akakikunja.

Hakuniambia ameamua nini, nami sikumuuliza. Kuna mahali kazi ya mwalimu inakoma, na mbele yake ni chumba cha mtu na magunia yake. Nilimweleza Sharifa jambo moja tu nilipokuwa navaa viatu. Nilimwambia madrasa aendelee kurudi mwanzo kama ustadhi anavyotaka. Shuleni, saa ya simu ikiwa mezani, asonge mbele hata akikosea, halafu akimaliza ndipo arudi kulichukua kosa lake. Aliniuliza kama kosa litakuwa bado lipo. Nikamwambia litamsubiri.

Jumamosi nilifua nguo huku nikihesabu saa. Basi la Tunduru huwa linapita Namtumbo mapema. Kufika mchana nilikuwa nimeshamfikisha mtoto mpaka kwa bibi yake mara kadhaa kichwani mwangu.

Jumatatu gwaride la asubuhi, mstari wa darasa la pili, nafasi ya Sharifa ilikuwa tupu. Niliingia ofisini nikafungua daftari la mahudhurio, nikalifunga. Mnamo saa mbili na nusu Bwana Issa alisimama mlangoni, kofia mkononi, suruali imejaa vumbi la magunia. Nyuma yake alikuwa Sharifa, na nyuma ya Sharifa mtoto wa kiume wa kama miaka sita, ana usingizi wa safari machoni.

"Shikamoo, mwalimu. Tumechelewa, basi la Tunduru jana lilitufikisha usiku. Tulikwenda wote wawili kumchukua huyu." Akamsogeza mbele yule mdogo. "Magunia nimeyapeleka kwa jirani. Wako wawili sasa. Uandikishaji wa darasa la kwanza unaanza lini?"

Nilimwambia. Sharifa aliomba ruhusa ya kwenda darasani, na kabla hajafika mlangoni alimgeukia mdogo wake, akamwambia amsalimie mwalimu vizuri, na akikosea asianze upya.